Siku Sita Jebel Akhdar, Mlozi Ukichanua

Jumapili

Shangazi yangu anaishi Omani tangu 1974, na miaka yote hiyo hajapata kupanda Jebel Akhdar. Kila mwaka husema mwakani. Sababu zake ni mbili, magoti na baridi. "Baridi ya Wete yanitosha," husema, na aliyewahi kulala Wete, kwetu Pemba, anajua kwamba hata kipupwe kikikaza, shuka moja yatosha.

Safari hii mwanawe wa mwisho, binamu yangu, alimkatia shauri. Kakodi nyumba huko juu kwa usiku tano, kaazima gari la rafiki yake linalovuta magurudumu yote manne, na mimi ndiyo kwanza nimewasili kutoka Pemba. Shangazi akikataa ataambiwa kamnyima mgeni matembezi. Hapo alishindwa.

Tulitoka Seeb, pwani karibu na Maskati, saa tatu asubuhi, wiki ya tatu ya Februari, kipimo cha gari kikisoma nyuzi 27. Mimi nimevaa makubadhi. Shangazi kapakia maharage makavu, makopo ya tui, bakuli la maandazi, thomu, chetezo, udi na mablanketi manne. "Mama, tunahama?" binamu akauliza. Hakujibiwa.

Barabara ya Nizwa ni pana na inachosha, sina la kuisimulia. Mambo yanaanzia Birkat al Mouz, chini kabisa ya mlima. Jina lenyewe ni birika la ndizi, na kweli migomba ipo, imejipanga chini ya mitende kama wanafunzi chini ya mwembe. Shangazi aliomba gari lisimame. Akashuka, akaushika mgomba mmoja kwenye shina, akarudi bila kusema neno. Pembeni unapita Falaj al-Khatmein, mmoja katika mifereji mitano ya Omani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji yake ni meupe hata unazihesabu kokoto.

Mbele kidogo kuna kituo cha polisi. Gari lisilovuta magurudumu manne halipandi, hata dereva awe bingwa namna gani, na askari hatazami sura yako bali karatasi za gari. Nilidhani ni urasimu mpaka tulipoanza kupanda. Barabara ni ya lami na nzuri, lakini imesimama wima, na kila baada ya kona chache kuna kichochoro cha mchanga kinachopanda ubavuni, cha kuliingiza gari lililoishiwa breki wakati wa kushuka. Shangazi aliviona, akaanza kusoma dua. Alisoma mpaka juu.

Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Kipimo kikasoma 24, 19, 15. Tulipofika uwanda wa Sayq, mita kama 2,000 juu ya bahari, kilisoma 11, na upepo ulikuwa unavuma kana kwamba una deni la kudai. Nilifungua mlango, nikaweka mguu wenye kubadhi chini, nikaurudisha ndani.

"Mlima wa Kijani," Shangazi akasema akitazama majabali ya rangi ya mkate uliokauka. "Kijani chenyewe ki wapi?"

"Kimejificha mabondeni," akajibu binamu. "Kesho."

Jumatatu

Kesho yake hatukuona bonde, hatukuona hata gari. Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni. Nilinyoosha mkono na vidole vikaanza kufifia. Manyunyu hayakuwa yanaanguka, yalikuwa yananing'inia tu hewani, na kila kitu kilichoguswa kilikuwa kimeloa.

Mvua za huku msimu wa baridi hazitoki kusini wala kwenye kusi letu. Hutoka mbali upande wa magharibi, kwenye Bahari ya Kati, huvuka Ghuba na kuja kujigonga kwenye milima hii. Ndiyo maana zinakuja na baridi mgongoni. Huja siku mbili, zikatoweka kumi, zikarudi bila kubisha hodi.

Shangazi aliamua kutumia siku kupika maharage. Aliyaloweka tangu usiku, akayabandika saa mbili asubuhi. Saa nne magumu. Saa sita magumu. Saa nane akanigeukia mimi, kana kwamba nimeyaletea husuda. "Haya maharage nimenunua duka lile lile siku zote."

Binamu ni mhandisi, akaona hapa pa kujionyesha. Akamweleza mama yake kwamba kadiri unavyopanda juu hewa hukandamiza maji kidogo, na maji yasiyokandamizwa huchemka mapema. Pwani huchemka kwa nyuzi 100, huku yanachemka kwa 93 hivi. Yanatokota, yanatoa mapovu, yanakuhadaa, lakini moto wenyewe haujatimia. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "huku hata maji yanasema uongo."

Tulikula maandazi kwa jibini. Maharage yaliiva baada ya swala ya Magharibi, na kwa heshima tukayaita chakula cha usiku.

Mimi katikati ya siku nilipelekwa dukani Sayh Qatanah, mji mdogo wa huku juu, nikanunua viatu vya kufunika, soksi jozi tatu, na kofia ya sufu iliyonifanya nifanane na mwizi wa kuku. Muuza duka alitazama makubadhi yangu, akatazama uso wangu, akanipunguzia bei mwenyewe bila kuombwa.

Saa tisa alasiri ukungu ulifunguka. Haukuondoka, ulifunguka tu, kama mtu anayesogeza pazia kuchungulia mgeni. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni, na chini yetu lilitokea bonde ambalo tulikuwa tumelala juu yake bila kujua. Matuta ya mawe yanashuka ngazi kwa ngazi, mengine mapana kama uwanja wa mpira wa watoto, mengine kama mkeka mmoja. Juu ya matuta kuna vijani vya thomu na majani ya mbuzi. Na kwenye tuta la tatu kutoka kwetu, umesimama peke yake mti mmoja mweupe. Hauna jani hata moja. Mweupe mtupu, kama aliyetoka nje na nguo ya ndani.

"Mlozi," binamu akasema.

Shangazi alikuja na ushungi umefungwa mara mbili, akasimama dirishani. Tuliutazama labda dakika ishirini. Pazia likafungwa.

Jumanne

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Niliamka nikakuta mbingu imepanguswa. Hakuna wingu wala vumbi, na jua lilikuwa linachoma upande mmoja wa uso huku upande wa kivulini unaganda. Huku ukitaka joto unahama hatua mbili. Paka wa nyumba jirani alilijua hilo zamani, akawa anahama na jua ukutani kama mshale wa saa.

Tulishuka kwa miguu kutoka kijiji cha Al Aqr kuelekea Al Ayn, njia inayofuata ukingo wa matuta. Shangazi alibaki juu kwenye kiti, akasema atatulinda kwa macho. Njia ni nyembamba, na pembeni yake unapita mfereji wa falaj wa upana wa shibiri moja na nusu, maji yakikimbia kimya. Huku juu mfereji huanzia kwenye chemchemi mwambani. Ile mirefu ya bondeni, inayochimbwa chini kwa chini kutafuta maji ya visimani, huitwa Daudi, na watu hukuhadithia kwamba Nabii Sulaiman bin Daud alipopita Omani aliwaamrisha majini wachimbe elfu kila siku kwa siku kumi. Nimeipenda hesabu hiyo kuliko ya wahandisi.

Maji haya hayana mwenye kujichotea tu. Yanagawanywa kwa zamu, na kipimo cha kale kinaitwa athar, kama nusu saa hivi. Mchana walikuwa wakipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa chini, usiku kwa nyota zinazochomoza nyuma ya mlima fulani. Fikiria jamaa yuko macho saa nane za usiku wa Januari, anangoja nyota yake itokeze ili afungue maji kwenye shamba la makomamanga.

Milozi mingi ilikuwa imeshachanua, mingine imeanza kupukutisha. Mishmishi, ambayo wengine huita aprikoti, ilikuwa inaanza. Vifundo vyake ni vyekundu kama shanga, na vilivyofunguka vina weupe wenye haya ya waridi. Mipichi bado imefumba. Mikomamanga iko uchi kabisa, miiba na vijiti, ungesema imekufa. Na mawaridi, ambayo ndiyo yanayoleta watu wengi huku, yalikuwa vichaka vilivyokatwakatwa tu, na majani machanga mekundu. Mawaridi ni ya mwisho wa Machi na Aprili, wakati wa kupika maji ya mawaridi. Wageni wote wanakuja wakati huo. Nadhani wanachelewa.

Niliinama kwenye ua moja la mlozi. Nitalieleza kwa sababu nililitazama sana. Petali tano, nyeupe, ncha ya kila moja ina mkato kidogo kama ulimi wa mtoto uliokunjwa. Karibu na kitako weupe unageuka kuwa rangi ya ufizi. Katikati zimesimama nyuzi nyembamba, nyingi, kila moja imebeba kichwa cha njano kidogo kuliko punje ya ufuta. Halina kikonyo cha maana, limekaa juu ya kijiti kavu moja kwa moja, kana kwamba mtu kalibandika kwa gundi. Harufu ni ndogo, inafanana na asali iliyofunguliwa chumba cha pili. Usiufananishe na mkungu wetu wa pwani, ambao watoto hugonga kokwa zake kwa jiwe na Wazungu huuita nao mlozi. Hawana udugu.

Nyuki walikuwepo, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Jana kwenye ukungu hakukuwa na hata mmoja. Nyuki haruki baridi ikizidi, na ua lililofunguka siku ya ukungu hukaa wazi likimsubiri mgeni asiyekuja. Leo mti mzima ulikuwa unanguruma. Ukiweka sikio karibu na shina unasikia mti unaimba.

Kwenye tuta la chini palikuwa na kijana wa Bangladeshi anapogoa mawaridi, na mzee mwenye shamba kakaa juu ya jiwe, bakora mapajani, anamsimamia bila kumsimamia. Tukamwamkia. Binamu akasema naye Kiarabu, kisha akaniashiria, akasema huyu ametoka Zinjibar. Mzee akanitazama. Akafikiri. Halafu kwa Kiswahili cha taratibu, kila neno analitoa kwenye sanduku lake:

"Tabora. Maembe. Bado yapo?"

Nikamwambia bado yapo, mitaa mizima.

Baba yake alikuwa na duka Tabora, na yeye mwenyewe alirudishwa Omani akiwa mtoto wa miaka saba au minane. Kiswahili kilichombakia ni cha mtoto wa umri huo: maembe, mvua, kimbia, njoo ule, na matusi mawili aliyoyatamka kwa furaha sana na ambayo sitayaandika. Akatukaribisha kahawa kutoka kwenye chupa yake, chungu, imejaa iliki, na tende tatu tatu.

Nilimuuliza, kwa ulimi wa binamu, kwa nini milozi inachanua sasa na baridi haijaisha. Akacheka. Baridi ndiyo inayoichanua, akasema. Mwaka ambao baridi ni haba, maua nayo ni haba, na yanatoka ovyo, tawi hili leo, tawi lile baada ya wiki mbili. Nilikumbuka nilichofundishwa shuleni bila kukijali. Miti ya namna hii hulala, na haiamki kwa kuona jua tu, inahesabu saa za baridi, zile zilizo chini ya nyuzi 7 hivi, na mpaka hesabu itimie mamia kadhaa ndipo joto dogo linapoiamsha. Ndiyo maana huwezi kuupanda Seeb ukauona hivi. Seeb haiwezi kulala.

Mlozi una pupa kuliko wenzake wote, hesabu yake ni fupi. Kwa hiyo unatangulia. Na anayetangulia ndiye anayekutana na baridi iliyobaki njiani. Mzee alipolisema hilo alitazama mbingu ya buluu kwa jicho baya. "Kesho," akasema. Kisha kwa Kiswahili: "Mvua."

Tulirudi juu na mimi nina video za kumwonyesha Shangazi. Akazitazama zote, akarudia ile ya nyuki. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Unajua mimi miaka kumi na tisa niliyokaa Pemba sijapata kuliona ua la karafuu limechanua? Sijapewa nafasi. Karafuu ikifunguka, umeshapata hasara."

Ni kweli, na mimi niliyezaliwa chini ya mikarafuu sijapata kulifikiria. Karafuu ni ua lililochumwa likiwa limefumba. Kile kidude cha mviringo kichwani ni petali zilizokunjwa kama kofia, na kazi yetu yote ya msimu, ngazi, makanda, wapembuaji wa makonyo, mikeka iliyotandazwa hadi barabarani, ni kuliwahi kabla ya kofia kuanguka. Likichanua halina bei. Likiachwa likawa tunda, huitwa mpeta, na mwenye shamba anaona aibu.

"Na hapa watu wanapanda gari kutoka Maskati," akasema Shangazi, "kuja kutazama hasara."

Jumatano

Mzee wa Tabora alisema kweli. Saa nne asubuhi upande wa magharibi uligeuka rangi ya risasi, upepo ukakata ghafla, na nyuki, nilisimama makusudi chini ya mti kuwasikiliza, wakanyamaza kana kwamba kuna aliyewazima.

Ilianza kwa matone makubwa, machache, yenye nafasi baina yao. Kisha ikaja mvua ya mawe. Sijapata kuiona kwa macho yangu kabla ya hapo. Punje za ukubwa wa kunde, nyeupe, zikiruka juu ya paa la gari kama bisi, na binamu kasimama dirishani anashika kichwa kwa ajili ya gari la rafiki yake. Ilidumu robo saa. Kisha mvua ya kawaida, nzito, mpaka alasiri.

Nilikuwa naangalia mlozi wa tuta la tatu. Hakuna la kufanya. Petali ziliteremka pamoja na maji, zikaingia kwenye falaj, na nikaona mstari mweupe unatembea kwenye mfereji kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ukapita tuta la nne, la tano, ukapotea.

Saa tisa tukasikia mngurumo, tukadhani lori. Ulikuwa wadi. Chini bondeni, pale jana palipokuwa na mawe makavu na mbuzi wawili, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita yakisukumana. Huku hakuna anayefanya ushujaa na wadi. Kuuvuka ukiwa unatiririka ni kosa la kisheria, na sheria hiyo imeandikwa kwa sababu ya waliobebwa. Majirani walitoka nje na watoto, wakakaa kwenye ukuta kutazama. Mama mmoja akaleta sinia la mkate mwembamba wa rakhal wenye yai na jibini, akaligawa kwa kila aliyekuwepo bila kuuliza nani ni nani. Mvua huku ni harusi.

Shangazi alitoka. Akakaa ukutani na mablanketi mawili, akala mikate miwili, akatia na watoto wa watu kwenye blanketi la pili. Magoti hakuyataja.

Usiku mawingu yakaondoka yote kwa pamoja. Nyota zilitoka nyingi mno, na binamu akasema maneno ambayo mzee pia angeyasema, kwamba usiku mweupe baada ya mvua ndio mbaya. Wingu ni blanketi. Likiondolewa, ardhi inatoa joto lake lote juu na haibakishi kitu.

Alhamisi

Sakitu.

Neno hili nimelisoma kwenye kamusi maisha yangu yote na sijapata kulishika. Asubuhi lilikuwa juu ya kioo cha gari, juu ya majani ya mbuzi, juu ya kamba ya nguo. Nilipitisha kucha kwenye kioo ikaacha njia. Kwa karibu si unga, ni manyoya madogo madogo, yamesimama yote upande mmoja, na ukiyapumulia yanalala. Ndoo iliyoachwa nje ilikuwa na gamba la barafu juu jembamba kama karatasi ya kufungia tambuu. Shangazi alilibandua zima, akalishika juani kwa ncha za vidole, akanitazama kupitia humo.

Hofu yangu ilikuwa maua. Ua lililo wazi likigandishwa, kitovu chake kinakuwa cheusi na hakuna lozi mwaka huo. Tulikwenda kwa mzee. Tuta lake la chini, pale penye ukuta wa mawe unaozuia njia ya hewa, milozi miwili maua yake yalikuwa na doa jeusi katikati, kama mboni. Ya juu, iliyoegemea mwamba, salama. Mzee alituonyesha kwa bakora. Baridi ni nzito, ni kama maji, inateremka na kujikusanya palipo na kizuizi. Mwamba nao umekunywa jua la mchana kutwa na usiku unalirudisha kidogo kidogo. Alisema haya bila masikitiko. Mishmishi ambazo hazijafunguka hazikudhurika. Zile zilizofumba ndizo zilizopona, nikafikiri, na nikaona Wapemba tuna wenzetu.

Tawi moja la mshmishi lilikuwa limevunjwa na mvua ya mawe, linaning'inia kwa gamba. Kijana alilikata kwa mkasi wake, akampa mzee, mzee akanipa mimi. "Maji," akasema, kisha "nyumbani."

Mchana tukaenda Wadi Bani Habib. Unaegesha gari juu, na mbele yako kuna ngazi za mawe zinazoshuka bondeni, nyingi, mpaka kwenye kijiji kilichohamwa. Nyumba za mawe na udongo zimepanda juu ya jabali, paa zimeingia ndani, lakini milango kadhaa bado imesimama. Chini ya nyumba, miti ya jozi mikubwa, mitupu, myeupe kama mifupa. Mabondeni humu na pembezoni mwake unaona pia mti unaoufanya moyo ugutuke, ndugu wa mtarakwa wa milima ya kwetu, yule yule wa harufu ya penseli, na mzaituni mwitu ambao upo pia kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mtu wa Usambara angejua ameketi na jamaa.

Nilidhani Shangazi atakaa juu. Akavua ushungi wa pili, akanipa mkoba, akasema, "Twende."

Sikuzihesabu ngazi, yeye alizihesabu, ila kila akifika arubaini alikuwa anasahau na kuanza tena. Tulisimama mara nyingi. Watu waliotupita walimwita *ummi*, mama, na kumpa pole. Chini kabisa, penye matuta ya kijiji, ipo milozi ambayo hakuna anayeipogoa tena, imejiotea inavyotaka, na jua lilikuwa limeifikia na sakitu limekauka, na nyuki wamerudi. Akakaa chini ya mmoja. Petali zilikuwa zinaanguka moja moja bila upepo. Moja ikatua kwenye goti lake la kulia, lile baya zaidi. Hakuipangusa. Alikaa hapo kama saa nzima, na mimi na binamu tukajifanya tunatazama magofu.

Kupanda kulichukua saa moja na nusu. Sina la kuongeza, ila binamu anasema mgongo bado unamuuma.

Ijumaa

Tulishuka alfajiri ili tuwahi mnada wa mbuzi Nizwa. Tuliwahi. Mbuzi wanazungushwa kwenye duara, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara, wanawapapasa mbavu wakipita, bei zinapigiwa kelele, na Ramadhani ikiwa karibu hakuna aliyekuwa na mzaha. Shangazi alitaka kununua mmoja. Binamu akamkumbusha gari ni la watu.

Chini nyuzi 25. Nilivua soksi, nikavaa makubadhi, nikaona haya kidogo mbele ya viatu vyangu vipya.

Tawi la mshmishi lilisafiri kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, katikati ya miguu ya Shangazi. Tulipofika Seeb akaliweka jikoni, juu ya meza, karibu na kopo la karafuu. Lilikuwa na vifundo kumi na vinne vilivyofumba. Tulisali Ijumaa, tukala, tukalala. Baada ya Alasiri vitatu vilikuwa vimefunguka, kwa joto la jiko tu. Magharibi vilikuwa saba.

Akapiga simu Wete, akaongea na wifi yake, yaani mama yangu, akiwa ameielekeza kamera ya simu kwenye tawi. Akamweleza ukungu, mvua ya mawe, barafu ya ndoo, maharage, ngazi za Bani Habib kwa idadi ambayo iliongezeka kidogo. Akamweleza kwamba watu wanatoka Maskati, wanalala huko juu kwa pesa nyingi, kwa ajili ya maua haya.

Mama alisogea kwenye simu yake mpaka tukaona jicho moja tu.

"Yanauzwa kilo bei gani?" akauliza.

"Hayauzwi, wifi. Yanatazamwa."

Pemba ikanyamaza. Nyuma ya mama nilisikia jogoo, na mtu anatwanga.

"Basi geuza simu kidogo," mama akasema, "hilo la upande wa kushoto silioni vizuri."